Sura ya Saba: Rezista ya Blowa na Kioo Chenye Ukungu

Jiji la Nairobi liko kusini kidogo mwa ikweta, lakini kwa kuwa limejengwa katika nyanda zilizo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi yake ya kati ya Juni na Agosti huwashangaza wageni wanaodhani kwamba kila mahali palipo karibu na ikweta ni pa joto. Katika miezi hiyo pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mawingu hutanda chini juu ya jiji hadi karibu na adhuhuri, na alfajiri kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12 za Selsiasi. Ardhi huinuka kadiri mtu anavyoelekea magharibi, kutoka katikati ya jiji kupitia Westlands na Kangemi hadi Kikuyu na Limuru, ambako mwinuko unapita mita 2,000, na kwa sababu hiyo dereva anayeteremka Barabara ya Waiyaki asubuhi ya Julai huweza kulikuta gari lake limezungukwa na ukungu nje, huku pumzi za abiria waliofunga madirisha kwa ajili ya baridi zikigeuka matone madogo kwenye kioo cha mbele.

Ukungu huo wa kioo una maelezo mepesi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi, kwa hiyo hewa ya ndani ya gari, iliyopata joto na unyevu kutokana na miili na pumzi za abiria, inapogusa kioo kilichopozwa na upepo wa nje hushindwa kuendelea kuubeba mvuke wake na kuuacha juu ya kioo kama umande. Dawa yake ni kupuliza kwenye kioo hewa iliyokaushwa na kiyoyozi au iliyopashwa joto na hita, na kifaa kinachopuliza hewa hiyo ni feni moja tu, ambayo mafundi wengi huiita blowa. Sura hii inaeleza kifaa kidogo kinachoiwezesha blowa kwenda polepole, yaani rezista yake, na jinsi mwenye gari anavyoweza kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Lakini inasisitiza tangu mwanzo kwamba rezista iliyoungua mara nyingi ni matokeo ya kasoro nyingine, na kwamba anayeibadilisha bila kutafuta kilichoiunguza anajiandalia kuibadilisha tena.

Jinsi rezista inavyopunguza kasi

Blowa ni mota ya umeme yenye gurudumu la plastiki lililozungukwa na mapezi mengi membamba, ambayo huvuta hewa katikati na kuisukuma pembeni kuelekea kwenye njia za dashibodi. Betri ya gari hutoa takriban volti 12, na injini ikiwa inanguruma altaneta, yaani jenereta ya gari, huzipandisha hadi karibu volti 14. Mota ikiunganishwa moja kwa moja na umeme huo huzunguka kwa kasi yake ya juu kabisa, ambayo huleta kelele na upepo mwingi kuliko mtu anavyohitaji kwa kawaida. Ili kupata kasi ndogo, watengenezaji wa magari yenye swichi za mkono waliamua kuupitisha umeme kwanza katika koili, yaani nyaya zilizoviringishwa, zenye ukinzani wa kutosha, na neno ukinzani hapa lina maana ya uwezo wa waya kuuzuia mkondo wa umeme usipite kwa wepesi. Koili hizo zikipangwa kwa kufuatana juu ya kibao kimoja kidogo ndizo zinazoitwa rezista ya blowa. Swichi ikiwekwa namba 1, mkondo hupita katika koili zote. Namba 2 huiruka mojawapo. Namba 3 hubakisha ile yenye ukinzani mdogo tu. Na namba 4 huziruka zote, umeme ukaenda kwenye mota bila kizuizi.

Uhusiano kati ya volti, mkondo na ukinzani ulichapishwa mwaka 1827 na mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm, na kanuni yake inasema kwamba volti zinazopotea katika waya ni sawa na mkondo uliozidishwa kwa ukinzani wa waya huo. Kwa mfano, mkondo wa ampea 4 ukipita katika koili zenye ukinzani wa omu 2, volti 8 hupotea hapo, na mota hubakiwa na volti 6 tu kati ya 14, ikazunguka taratibu. Volti hizo zilizopotea haziendi bure, bali hugeuka joto, na kiasi cha joto hilo kilielezwa mwaka 1841 na Mwingereza James Joule, aliyeonyesha kwamba hulingana na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe na kisha kuzidishwa kwa ukinzani. Katika mfano huo huo, 4 mara 4 mara 2 ni wati 32, nguvu inayokaribia ile ya chuma cha kulehemu ambacho fundi wa redio hukitumia kuyeyushia risasi. Kifaa chenye joto la namna hiyo kingeiyeyusha plastiki inayokizunguka kama hakingepozwa, na ndiyo maana rezista huchomekwa ndani ya njia ya hewa, mbele ya mota inayoihudumia, ili upepo wa blowa wenyewe uipoze. Juu ya kibao chake, aghalabu huwekwa pia fyuzi ya joto, ambayo hukatika na kuuzima mkondo mara joto linapopita kiwango cha salama.

Maelezo haya hayahusu magari ambayo dereva huchagua nyuzi za joto na mtambo ukaamua kasi ya feni wenyewe. Magari hayo hayana koili, bali yana transista, yaani kifaa cha kielektroniki kinachopunguza umeme kwa kufuata amri ya kompyuta, kilichobandikwa juu ya bamba la alumini lenye mapezi ya kutolea joto. Vifaa hivi viwili hukaa mahali panapofanana na pengine huonekana kama ndugu vikiwa vimefungwa, lakini kimoja hakiwezi kuwekwa badala ya kingine, na vipimo vya omu vinavyoelezwa hapa chini havifai kwa transista.

Dalili zinavyosomwa

Dalili inayojulikana zaidi ya rezista mbovu ni blowa isiyofanya kazi katika namba 1, 2 na 3, lakini ikafanya kazi kikamilifu katika namba 4. Sababu yake inatokana moja kwa moja na mpangilio ulioelezwa: fyuzi ya joto ikikatika, njia zote zinazopita katika koili hufungwa pamoja, na inabaki ile moja isiyozigusa. Iwapo iliyokatika ni koili moja tu, huenda baadhi ya kasi ndogo zikapotea na nyingine zikabaki. Blowa iliyokufa katika namba zote inaelekeza kwingine, yaani kwenye fyuzi kuu ya hita, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), waya wa hasi au mota yenyewe. Na blowa inayofanya kazi katika kasi ndogo lakini ikagoma katika namba 4 huituhumu swichi au rilei ya kasi ya juu. Kusoma dalili hizi kabla ya kufungua chochote humwepusha mwenye gari na desturi yenye gharama ya kununua spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha.

Wapo madereva wanaoishi na namba 4 pekee kwa miezi mingi kwa kuwa gari bado linaenda. Uamuzi huo una hasara iliyofichika, kwa sababu kelele ya kasi ya juu humfanya dereva aizime blowa mara kwa mara, na kila anapoizima kioo huanza kupata ukungu upya, jambo ambalo katika msongamano wa Barabara ya James Gichuru au katika mteremko wa Mai Mahiu, ambako ukungu wa nje peke yake unatosha kumficha mtu anayevuka barabara, halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi.

Kilichoiunguza

Mota ya umeme inapozunguka huwa wakati huo huo inazalisha volti zake yenyewe zinazoelekea kinyume na zile za betri, na kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo volti hizo za kinyume zinavyoongezeka na kuuzuia mkondo usiingie kwa wingi. Mota iliyozuiwa au kulemewa, kwa hiyo, hupoteza kinga hiyo na kunyonya mkondo mkubwa kuliko kawaida. Kwa kufuata hesabu ya Joule, mkondo ukipanda kutoka ampea 4 hadi 6 tu, joto katika koili zile zile za omu 2 hupanda kutoka wati 32 hadi 72, ambalo ni zaidi ya maradufu, huku upepo wa kuzipoza ukiwa umepungua kwa sababu gurudumu linakwenda polepole. Bushi zilizokauka, yaani vikombe vidogo vya chuma ambamo mhimili wa mota huzunguka, ni sababu ya kwanza ya hali hiyo, na hujitangaza kwa mlio mwembamba wa kukwaruza, hasa asubuhi gari likiwa baridi.

Sababu ya pili ni takataka, na katika vitongoji vya magharibi ina msimu wake. Mitaa ya Lavington, Kileleshwa na Loresho ina mijakaranda mingi, miti yenye asili ya Amerika ya Kusini ambayo huifunika mitaa hiyo kwa maua ya zambarau kuanzia Septemba hivi. Jani la mjakaranda limegawanyika katika vijani vidogo sana, na vijani hivyo, tofauti na majani mapana ya miti mingine, hupenya kwenye matundu ya wavu ulio chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo gari huvutia hewa ya nje. Gari linaloegeshwa chini ya mti huo kila usiku hukusanya vijani na vumbi katika mkondo ulio chini ya waipa. Sehemu huingia hadi kwenye gurudumu la blowa na kulilemea upande mmoja, na sehemu huziba mashimo ya kutolea maji, kiasi kwamba mvua za masika za Machi hadi Mei, badala ya kutiririka chini, hujaa na kumwagikia kwenye mota, rezista na plagi yake. Maji na umeme vikikutana kwenye plagi huleta kutu, kutu huongeza ukinzani mahali pasipotakiwa, na mahali hapo huanza kupata joto hadi plastiki ikabadilika rangi.

Sababu ya tatu ni kichujio cha hewa ya abiria kilichoziba, na kuhusu kichujio hiki kuna imani iliyoenea kwamba huiunguza rezista kwa kuilazimisha mota ifanye kazi zaidi. Imani hiyo inakosea njia, ingawa inafikia mahali sahihi. Gurudumu la blowa likinyimwa hewa huwa jepesi, kwa kuwa halina mzigo wa kusukuma, na mkondo wake hupungua badala ya kuongezeka. Hata hivyo rezista huumia, kwa sababu upepo uliokuwa ukiipoza haupo tena. Tofauti hii ina maana kwa fundi, kwani mota inayonyonya mkondo mwingi inadai mota nyingine au kusafishwa, lakini kichujio kilichoziba kinadai kichujio kipya peke yake.

Kuitafuta spea

Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Viwango la Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na linatakiwa kuwa na usukani upande wa kulia. Masharti hayo, pamoja na bei, yameifanya Japani kuwa chimbuko la magari mengi ya Nairobi, na yamelijenga soko la spea la Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani iliitwa kwa jina la mlowezi Ewart Grogan na ambayo watu wengi wa magari bado wanaiita Grogan. Huko hupatikana rezista za aina mbili, yaani mpya zilizotengenezwa na viwanda mbalimbali, na zile zilizong'olewa kwenye magari yaliyovunjwavunjwa, ambazo wauzaji huziita ex-Japan. Rezista iliyong'olewa yenye nembo ya mtengenezaji wa awali inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyo na jina, mradi koili zake ziwe hazijaungua na pini zake ziwe zinang'aa.

Jina la gari peke yake halitoshi kumwelekeza muuzaji, kwa kuwa gari la jina moja, kwa mfano Toyota Fielder, limetoka kwa maumbo tofauti mwaka baada ya mwaka, na ndiyo sababu muuzaji makini huuliza namba ya chesisi, ambayo herufi na tarakimu zake za mwanzo, kama vile NZE141, hutaja kizazi na injini ya gari. Lililo salama zaidi ni mnunuzi kwenda na rezista mbovu mkononi, akalinganisha idadi ya pini, umbo la plagi, nafasi ya matundu ya skrubu na namba iliyochapwa kwenye plastiki. Akiwa na mita ya umeme, ambayo mitaa ya vifaa vya elektroniki kama Luthuli inaiuza kwa aina nyingi, ataiweka katika kipimo cha omu 200 na kugusa pini ya pamoja kwa ncha moja na pini nyingine kwa zamu kwa ncha ya pili. Rezista nzima huonyesha ukinzani mdogo unaopanda hatua kwa hatua, aghalabu kutoka chini ya omu 1 hadi omu chache, ilhali njia iliyokatika haionyeshi kipimo chochote.

Kazi yenyewe

Katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia, blowa na rezista yake huwa upande wa kushoto, nyuma ya kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Angalizo hili linahitajika kwa sababu maelezo mengi yaliyoandikwa Marekani na Ulaya bara yanahusu magari ya usukani wa kushoto, na huelekeza upande wa pili. Kazi hii haimwagi oili wala maji ya rejeta, kwa hiyo inaweza kufanyika hata katika maegesho ya ghorofa za Kilimani, na vifaa vinavyohitajika ni bisibisi ya nyota, ikiwezekana iliyo fupi, spana namba 10, tochi na brashi laini.

Hatua ya kwanza ni kuzima gari, kutoa ufunguo, kulegeza kwa spana namba 10 nati ya kichwa cha hasi cha betri, kukiondoa, na kusubiri dakika chache, kwa kuwa mfuko wa hewa wa usalama wa abiria uko karibu na mahali pa kazi na mitambo yake huhifadhi umeme kwa muda. Kabla ya hapo, mwenye gari anapaswa kujua kwamba baadhi ya redio za magari yaliyotoka Japani hujifunga umeme unapokatwa na kudai namba ya siri kabla ya kufanya kazi tena. Mwenye redio ya namna hiyo atafute namba hiyo kwanza.

Kisanduku cha dashibodi hutolewa, katika magari mengi, kwa kukifungua, kuachanisha kijiti cha upande kinachokizuia kisianguke kwa nguvu, na kuzibana kuta zake kuelekea ndani hadi zipite vizuizi. Nyuma yake huonekana nyumba ya blowa, ya plastiki na ya mviringo, na pembeni mwake plagi yenye nyaya kadhaa nene iliyoshikwa kwenye kibao kidogo kwa skrubu mbili. Plagi hutolewa kwa kubonyeza ulimi wake, kamwe si kwa kuvuta nyaya, na ikiwa imegeuka rangi ya kahawia au kuyeyuka ni lazima nayo ibadilishwe pamoja na vipande vya nyaya zake, kwa nyaya zenye unene ule ule, kwa kuwa plagi iliyoungua huiunguza rezista mpya. Skrubu zikishatoka, rezista huvutwa taratibu na kukaguliwa kwa tochi.

Tundu lililoachwa na rezista ni nafasi ambayo fundi mwenye haraka huipoteza. Kupitia tundu hilo, au kwa kuishusha mota yenyewe, ambayo mara nyingi hushikwa na skrubu tatu kutoka chini, mtu huweza kuliona gurudumu, kulizungusha kwa kidole na kulisikiliza. Gurudumu jema huzunguka kwa wepesi na kuendelea kidogo baada ya kuachwa. Linalokwaruza au kusimama papo hapo linatangaza bushi zilizochakaa. Vijani na vumbi huondolewa kwa brashi, kichujio hutolewa na kubadilishwa, na mkondo ulio chini ya waipa husafishwa hadi maji yaliyomiminwa humo yaonekane yakitoka chini ya gari.

Rezista mpya huingizwa kwa uangalifu ili koili zake zisipinde na kugusana, kisha skrubu hukazwa, plagi huchomekwa hadi ulimi wake ulie, na betri kuunganishwa. Blowa hujaribiwa katika namba zote nne kabla ya kisanduku kurudishwa, lakini isijaribiwe kamwe rezista ikiwa inaning'inia nje ya tundu lake, kwa maana hapo haina upepo wa kuipoza na inaweza kuungua kwa muda mfupi. La kukatazwa kwa nguvu zaidi ni ile mbinu ya kulehemu kipande cha waya mahali pa fyuzi ya joto iliyokatika. Kasi zote hurudi siku hiyo hiyo, na gharama huonekana kuwa ndogo sana. Ila kilichoondolewa ni mlinzi wa pekee kati ya koili nyekundu na plastiki ya dashibodi, na siku mota itakapokwama hakutakuwa na kitu cha kuuzima mkondo isipokuwa fyuzi kuu, ambayo imewekewa kiwango cha ampea nyingi zaidi na huenda isikatike mapema.

Baada ya kufunga

Gari lililorekebishwa kwa njia hii linahitaji uangalizi mdogo tu wa kila mwaka, na katika Nairobi nyakati zake zimepangwa na jiji lenyewe: mara moja kabla ya masika, kusafisha njia za maji; mara moja kabla ya Juni, kukagua kichujio na kuisikiliza mota kabla baridi haijafika; na mara moja maua ya mjakaranda yakishaanguka, kuondoa vijani chini ya waipa. Katika ukaguzi huo, namba ya kusikilizwa ni ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopita katika koili zote huku upepo ukiwa mdogo kabisa, na mota iliyoanza kukauka huonyesha udhaifu wake hapo, kwa kusitasita kuanza au kwa kukwaruza, wakati namba 4 bado inavuma kana kwamba hakuna kasoro. Dereva anayeizoea sauti ya namba 1 huweza kuisafisha au kuibadilisha mota mapema, kabla haijaiunguza rezista aliyoifunga kwa mikono yake.